Mzazi wa Ukuta

Tarehe 2 Februari

Binti yangu,

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika makandarasi wanne walionipa kazi na watatu walioninyima. Daktari aliyeniambia niache tumbaku nilimsindikiza makaburini mimi, kiberiti kikiwa mfukoni. Nimeishi kuliko lile daraja la chuma, kuliko kiwanda cha magunia, kuliko meno yangu, na kuliko mama yako, Mungu amweke pema. Kuta zangu zote zimesimama. Kwa hiyo ukiniandikia "Baba, nikumbushe maneno ya ukuta", jua umepiga hodi kwa mwenyewe.

Haya, maneno hayo hapa. Usicheke herufi, shule mimi niliipitia kwa nje nikiijengea uzio. Tofali la kuchoma. Tofali la saruji. Kozi, yaani mstari mmoja wa tofali. Lipu ya ndani na lipu ya nje. Linta, ile boriti ya zege inayokaa juu ya mlango ikabeba mzigo. Linta usiisahau. Bila linta ukuta unashuka, mlango unatafunwa.

Umesema yataingia kwenye kompyuta. Sawa, yaingie. Simu usinipigie, sikio la kulia limestaafu na la kushoto liko njiani. Barua mpe dereva wa basi la asubuhi, nyumba anayolala nilimjengea mimi.

Swali moja tu. Kwenye bahasha umeandika nikujibu kwa anwani ya karakana ya baba mkwe wako. Kwani wewe huna mlango wako? Na yeye huyo Mzee Randa, umemwomba maneno pia? Kama umemwomba, amekupa mangapi? Siulizi kwa kijicho. Nauliza nijue.

Baba yako mzazi,
Fundi Timazi


Tarehe 11 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Maneno yamefika, na linta sikuisahau.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Tunachora maktaba ya watoto. Kwenye mchoro hatuandiki maelezo marefu, pangejaa. Tunaweka mshale na namba. Mshale wa 04.20 ukigusa ukuta, programu inaleta maneno yenyewe pembeni: "Lipu ya ndani". Maneno yote yanakaa kwanza kwenye jedwali la kompyuta, halafu jedwali zima linaingizwa kwenye programu ya kuchorea. Jedwali lina safu tatu: namba, maneno, na namba ya mzazi. Lipu ni 04.20, mzazi wake ni 04, Ukuta. Bawaba ni 08.30, mzazi wake ni 08, Milango. Kila mstari una mzazi mmoja tu. Wakubwa wenyewe, kama 04 na 08, kisanduku chao cha mzazi kinabaki kitupu, maana hawana aliye juu yao.

Wenye maktaba wanataka maelezo yawe ya Kiswahili, mafundi wayasome bila mkalimani. Na wanataka orodha isainiwe na mafundi wawili wazoefu, mmoja wa ukuta na mmoja wa mbao. Nimewachagua ninyi wawili. Hii ndiyo kazi ya kwanza ninayoiongoza mwenyewe, Baba. Ikienda vizuri napewa meza ya wasanifu wakuu. Ikiharibika narudi kuchora vyoo vya michoro ya wengine.

Anwani ni ya karakana kwa sababu pale kuna meza ndefu ya kutandaza michoro. Jioni nakaa pale, Baba anapiga randa huku ananitajia maneno, mimi naandika. Baba anasema fremu ina mambo mengi kuliko watu wanavyodhani.

Nakutumia nakala. Soma, sahihisha kwa kalamu nyekundu, unirudishie.

Binti yako


Tarehe 17 Februari

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako. Umeandika "Baba anapiga randa". Nikajitazama mikono. Halafu "Baba anasema fremu ina mambo mengi". Nikajiuliza nimesema lini upuuzi huo. Ndipo nikaelewa Baba ni nani.

Haya, hayo yapite. Mimi si mtu wa kushikilia neno.

Nimeihesabu orodha. Ukuta una mistari tisa. Milango ina kumi na sita. Kumi na sita! Kitasa, kitasa cha ndani, komeo, bawaba ndogo, bawaba kubwa, hata kile kipande cha mpira cha kuzuia mlango usigonge. Kigingi cha mpira na chenyewe kina namba, na mimi niliyebeba paa la kanisa na paa la msikiti kwa kuta zangu nina mistari tisa. Amekutajia vitu hivyo polepole makusudi, ili ukae.

Sasa sikiliza. Mlango bila ukuta ni mbao iliyosimama uwanjani kama mtu aliyesahau alichofuata. Ukuta unaanza, tundu linaachwa, fremu inakuja kuomba nafasi. Aliyekuja kuomba nafasi hawezi kulingana na mwenye nyumba. Kwa hiyo hapo kwenye 08, kisanduku cha mzazi, nimeandika 04 kwa wino mwekundu. Milango yote na bawaba zake na mpira wake viwe watoto wa Ukuta. Kisanduku changu kiache kitupu kama kilivyo, kiko sawasawa.

Saini nimeshaiweka chini ya orodha, ukifanya hivyo itumie. Usipofanya, tafuta mwashi mwingine. Utampata, vijana wanaojenga kuta zenye tumbo wamejaa.

Wala usimwambie yeye. Aje aone mwenyewe.

Baba yako mzazi (neno hilo la pili lisome mara mbili),
Fundi Timazi


Tarehe 23 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeandika kwenye jedwali kama ulivyosema. Saini yako nimeipokea, ahsante. Samahani kwa ufupi, wiki hii tunakabidhi.

Kikohozi kimepungua? Usilale karibu na ule ukuta wa kaskazini, una unyevu.

Binti yako


Tarehe 1 Machi

Kwa Mzee Randa, mkwe mwenzangu,

Salamu. Sijakuandikia tangu harusi ya watoto, na hata siku ile nilichoandika ni jina langu tu kwenye daftari la wageni.

Naandika kukupa pole. Nimesikia kwamba kwenye michoro ya maktaba milango yako sasa iko chini ya ukuta wangu. Usihuzunike. Chini yangu pana kivuli kizuri, wengi wamekaa hapo. Na kile kipande chako cha mpira nitakitunza kama mjukuu.

Mwambie mama watoto wako nimemsalimu. Yeye sina neno naye.

Fundi Timazi


Tarehe 6 Machi

Fundi Timazi, mkwe mwenzangu,

Salamu zimefika. Mke wangu amezipokea, mimi nimezipita pembeni.

Nilipoisoma pole yako nilikuwa nakunywa chai. Chai imetoka puani. Wewe umeambiwa niko chini yako? Mimi nimeahidiwa wewe uko chini yangu. Nilimwambia binti yako mezani kwangu, nikamwekea kidole kwenye 04, kisanduku cha mzazi, nikasema: hapa andika 08. Akasema: sawa, Baba. Akaandika nikiona.

Nawe usijifanye hujui kwa nini. Fundi mwenye akili husimamisha fremu kwanza, akaifunga kwa mihimili, kisha mwashi anajenga akiifuata kama mtoto anayefuata nguo ya mama yake. Bila fremu yangu usingejua tundu liishie wapi. Ungeziba tu. Ukuta usio na mlango unaitwa kaburi.

Timazi lako lilinde, kamba imezeeka.

Fundi Mbao, unayemwita Randa


Tarehe 8 Machi

Baba yangu,

Nakala ya barua hii nimempa na baba mkwe. Naiandika mara moja, kwa wote wawili, ili pasiwe na aliyeambiwa kwanza.

Wewe ulinitaka kwa barua 08 iwe chini ya 04. Yeye alinitaka mezani 04 iwe chini ya 08. Sikuweza kumwambia yeyote kati yenu hapana, nikamkubalia kila mmoja kwa siku yake. Nilidhani safu ile ni ya mpangilio tu. Jedwali lilikubali. Jedwali ni kama mgeni mwenye adabu, hupokea lolote unalompa. Programu ya kuchorea haina adabu hiyo. Nilipoingiza orodha mbele ya Mkuu wa ofisi yetu na wenye maktaba, programu ikamtafuta mzazi wa ukuta, ikaambiwa ni mlango. Ikamtafuta mzazi wa mlango, ikaambiwa ni ukuta. Ikawatupa wote wawili nje, na watoto wao wote: tofali, lipu, linta, fremu, bawaba. Kila mshale ukaning'inia na alama ya kuuliza. Maktaba ikabaki na paa na sakafu na rangi.

Mkuu akaniuliza, "Hili ni jengo au mwavuli?" Wageni wakacheka. Mimi sikucheka, Baba.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Mambo yasipotengemaa, kazi inakwenda kwa mwenzangu wa meza ya pili, ambaye ameshaanza kuniuliza mafaili yangu nimeyaweka wapi.

Najua mnachowaza. Kufuta ni kidole kimoja tu. Lakini orodha mliyoisaini ndiyo hiyo hiyo mliyoiharibu, na nikiigusa inahitaji saini zenu upya. Nikifuta lako utasema nimemchagua yeye. Nikifuta lake yeye hatasema kitu, ataacha kula mezani nami. Sichagui. Patanisheni namba zenu, mnitumie karatasi moja yenye saini mbili.

Binti yako na mkwe wake, sijui tena niandike nini


Tarehe 12 Machi

Binti yangu,

Mwambie Mkuu wako mwavuli ni wa Randa.

Mimi sikuharibu kitu. Mimi nilisema kweli, halafu mtu mwingine akasema uongo mahali pale pale, na kompyuta ikachanganyikiwa kama mtu yeyote angechanganyikiwa. Anayetakiwa kufuta ni yeye. Akifuta yeye, nitasaini hata mara kumi.

Lakini "sawa, Baba", mwanangu? Ulimwambia "sawa, Baba" akiwa amekuwekea kidole mezani? Mimi ulinijibu wiki moja baadaye, mistari mitatu, na mmoja ni wa kikohozi.

Nakuja mwenyewe. Si kwako, kwake. Jumamosi, basi la asubuhi. Timazi nalibeba.

Baba yako mzazi


Tarehe 17 Machi

Mkwe mwenzangu,

Uliondoka kabla sijamaliza kusema, kwa hiyo namalizia hapa.

Jumamosi uliingia uani kwangu bila hodi. Mke wangu alikuwekea kiti, ukakaa juu ya gogo. Nikasema karibu, ukatoa timazi mfukoni, ukalitundika kwenye mlango wangu mwenyewe wa mbele, mbele ya majirani, ukafumba jicho moja kupima kama umesimama wima. Ulitafuta kosa la fremu, ukalikosa. Ukatafuta kosa la ukuta ulioshikana nayo, ukalikosa. Nikaona umekasirika zaidi. Ukasema, "Huu ukuta kajenga nani?" Nikasema nimeusahau. Nilikudanganya. Aliujenga kijana uliyemfundisha wewe. Sikutaka uondoke na furaha hiyo.

Halafu tukapigana maneno, nani hutangulia, hadi mke wangu akasema, "Huyo mtoto mnayemgombea amejifungia chumbani kwangu analia, na ninyi mnagombea tundu." Ukachukua kofia ukaenda kusubiri basi, na basi lilikuwa la jioni.

Sasa hili sikukuambia. Mimi Mungu amenipa watoto wa kiume watupu. Binti yako alipoanza kukaa karakana jioni nilifurahi, nikajisemea sasa na mimi nimepata binti. Kumbe nilipata mtu anayetembea na baba yake kichwani. Nikishika kamba: "Baba huishika kwa vidole viwili." Nikilalamika mvua: "Baba husema mvua ni mkaguzi asiyekula rushwa." Nikitafuna chakula: "Baba hata bila meno hutafuna kama anapanga kozi." Nimekaa na wewe mezani kwangu tangu waoane, na chakula hukuchangia.

Mimi ananiita Baba kwa adabu. Wewe anakutaja bila kujua kwamba anakutaja. Ndiyo maana nikaweka kidole pale kwenye 04. Nilitaka pawepo mahali pamoja, hata karatasini, ambapo wewe uko chini yangu. Uso kwa uso nisingesema. Ungecheka, na una cheko baya.

Fundi Mbao


Tarehe 20 Machi

Mzee Randa,

Nimecheka. Dereva wa basi alinikuta bado nacheka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, si kwa utamu wake, ni kwa kuwa mwandiko wako ni wa kuku. Pale pa "vidole viwili" ndipo nimeparudia. Ni kweli, vidole viwili. Wengine hukamata timazi kama wanalinyonga. Nilidhani hakuna aliyeona, maana huyo binti alikuwa mdogo, kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ananiuliza kwa nini kamba haichoki kunyooka.

Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa na wivu. Pole sana. Mimi jambo hilo silijui, nimelisikia kwa watu tu.

Sasa sikiliza neno la mkubwa. Kisanduku changu kilikuwa kitupu tangu mwanzo, kwa haki. Chako nacho kilikuwa kitupu, na hicho ndicho kilichokuwa kikinichoma. Sikuwa nahitaji kupanda, nilikuwa juu tayari. Nilitaka wewe ushuke. Na wewe vivyo hivyo. Basi futa 08 uliyoiweka kwenye kisanduku changu, nami nafuta 04 niliyoiweka kwenye chako. Kila mmoja abaki mkubwa kwenye nyumba yake na watoto wake. Namba nne itaendelea kutangulia nane, hilo si mimi, ni hesabu.

Karatasi hii hapa, nimeshaisaini. Saini yako iweke chini. Au pembeni. Weka pembeni.

Jioni akija karakana mwambie nilikaa kituo cha basi hadi jioni na sikumwona akipita. Usiseme nilimsubiri. Sema nilikaa.

Na yule kijana aliyejenga ukuta wako, ni yule wa makengeza? Nilimjua kwa zile kona. Nilikuuliza kukupima tu.

Fundi Timazi


Tarehe 27 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Karatasi imefika ikiwa na saini mbili, pembeni kwa pembeni, moja imeegemea nyingine kidogo. Nimevifuta visanduku vyote viwili na kuingiza jedwali upya. Kila mshale ukapata neno lake. Ukuta ulirudi, milango ikarudi, hata kile kipande cha mpira.

Mkuu ametazama mchoro, akasema anataka maelezo kwa maandishi kutoka kwa mafundi wenyewe: ilikuwaje orodha iliyosainiwa ikaharibika. Kabla ya kuamua kuhusu meza ile ya wasanifu wakuu. Uandike wewe, Baba. Baba mkwe anasema akiandika yeye hutalala mpaka uandike yako.

Nami Jumamosi ile nilikuona kituoni. Nilikuwa dirishani. Nilichelewa kutoka, nikafika basi limeshaondoka.

Binti yako


Tarehe 31 Machi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Michoro,

Salamu. Mimi ndiye fundi wa ukuta aliyesaini orodha ya maktaba, baba mzazi wa binti anayeiongoza.

Unauliza ukuta ulipotelea wapi. Ukuta wangu haujapata kupotea popote. Uliwekwa chini ya mlango, mlango nao ukawekwa chini ya ukuta, kila mmoja akawa mzazi wa mwenzake, na hapo hakuna anayezaliwa. Walioweka ni wazee wawili. Wa kwanza nilikuwa mimi, maana kati yetu wawili jambo lolote mimi ndiye huanza. Mtoto aliandika alichoambiwa na wakubwa wake. Ukimlaumu kwa kutii, kalilaumu na tofali kwa kukaa ulipoliweka.

Kompyuta siijui. Unyevu naujua. Unapanda ndani ya ukuta kimya kimya, ukuta unaonekana mzima, mwenye ukuta anajisifia, siku moja lipu inabambuka mbele ya wageni. Fundi wa kweli hapaki rangi juu yake. Anakwangua. Sisi tumekwangua, na binti yangu ndiye aliyetulazimisha, wazee wenye vichwa vya zege. Mtu aliyeweza hilo anaweza kuongoza jengo lolote. Meza mpe.

Yote niliyoandika ni kweli. Kama unataka shahidi, nenda karakana ambako binti yangu hukaa jioni, umuulize fundi mbao wanayemwita Mzee Randa. Alikuwepo tangu mwanzo, na hanipendi, kwa hiyo hatanipendelea. Atakuthibitishia kila neno. Akimaliza atakuambia kwamba fremu husimama kabla ya ukuta. Hapo usimwamini.

Fundi Timazi